Bi Hafsa na Mkwe Wake wa Ipole

Bi Hafsa binti Sabiri aliingia katika nyumba ile ya Isevya, mjini Tabora, mwaka 1967, akiwa bibi harusi wa miaka kumi na minane. Siku hiyo hiyo mama mkwe wake alimwonyesha chumba chake. Kilikuwa cha mwisho kabisa kushoto, kinapakana na uwani, na moshi wa jiko ulikuwa ukiingia dirishani bila kupiga hodi.

Nyumba ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi umepita katikati kuanzia mlango wa mbele mpaka uwani. Aliyeijenga ni baba mkwe wake, Mzee Mfaume, fundi wa kushona kanzu. Yeye na mkewe walikaa chumba cha mbele kulia, ili mzee atoke barazani bila kupita mlangoni kwa mtu, na ili kila anayeingia au kutoka aanze kwa kumwamkia. Vyumba vilivyofuata walikaa watoto wao wa kiume na wake zao, kwa kufuata umri. Aliyeolewa mwisho alianzia nyuma. Mtu akifariki, au akijenga kwake akahama, wengine walisogea mbele chumba kimoja. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini haikuwahi kuvunjwa.

Bi Hafsa alisogea polepole. Chumba cha mbele alikifikia mwaka 1998, baada ya miaka thelathini na mmoja, alipomzika mama mkwe ambaye miaka miwili ya mwisho alimwogesha na kumlisha kwa mkono wake. Asubuhi ya kwanza alipofungua dirisha linalotazama barabara, alisema peke yake, kwa sauti, "Haya, na mimi sasa ni mtu mzima." Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Sisi majirani zake tulimjua zaidi kwa asali. Mumewe, Yahaya, alirithi cherehani ya baba yake, na Bi Hafsa alichuja asali uwani na kuiuza barazani. Alikuwa na pua ya ajabu. Ukimletea dumu alifungua kifuniko, akanusa mara moja, akakwambia kama asali ile imerinwa mapema, kama imekaa karibu na mafuta ya taa, au kama mwenyewe ameichemsha ili ionekane safi. Watu walitoka mpaka Nzega kuja kununua kwake.

Alizaa watoto watatu. Nasri, wa kwanza, alikwenda Dar es Salaam kuuza vipuri vya magari. Zamda akawa mwalimu Mwanza. Wa mwisho, Sabiri, aliyepewa jina la babu yake, alipata kazi ya serikali Dodoma. Yahaya alipofariki, Bi Hafsa alibaki na nyumba ya vyumba sita, yeye katika cha mbele, na vitano nyuma yake vina vitanda visivyolaliwa na mtu.

Kuna mtu mmoja ambaye lazima nimtaje hapa, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi. Nasri kabla hajahamia Dar alioa msichana wa Ipole, kule Sikonge, anaitwa Doto, binti wa mfuga nyuki. Doto aliingia chumba cha nyuma kushoto kama alivyoingia mama mkwe wake zamani, akakaa miaka saba. Walipatana tangu wiki ya kwanza. Doto alijua miti, Bi Hafsa alijua wateja. Jioni walikaa uwani na masega kwenye beseni, wakikamua na kubishana kama asali hii ni ya mti wa mtundu au ya maua mengine, mpaka Yahaya aulize kwa sauti kama leo kuna chakula au kuna nta.

Kisha Nasri, huko Dar, akaoa mwanamke mwingine, na mwaka 2003 akatuma barua ya talaka. Hakuituma kwa Doto. Aliituma kwa mama yake, ampe. Bi Hafsa alikaa nayo siku mbili chini ya mto. Siku ya tatu alimwita Doto, akampa, akageuka ukutani asimwone akisoma. Doto alifunga nguo zake. Bi Hafsa alimbeba mjukuu wake, Siwema, mgongoni mpaka stendi, na basi lilipoanza kuondoka akamwambia Doto dirishani, "Asali yako uniletee mimi. Usimpe mtu mwingine."

Doto hakumpa mtu mwingine. Miaka ishirini, kila msimu, madumu yalishuka kutoka basi la Ipole. Walipigiana simu wakazungumza habari za mvua, nyuki na afya ya Siwema, ambaye alikua, akaolewa Igalula. Jina la Nasri halikutajwa hata mara moja.

Basi. Mwaka juzi, mwezi wa kumi na mbili, Bi Hafsa aliteleza uwani kwenye maji ya sabuni, akavunjika kifundo cha mkono. Alilala pale chini nusu saa mpaka jirani yake Maua alipokuja kuazima kinu. Watoto wote watatu walikuja. Walikaa ukumbini, wakazungumza kwa upendo na kwa sauti ya chini, kama watu wanaopanga jambo la mgonjwa, ilhali mgonjwa mwenyewe yuko chumba chake cha mbele anasikia kila neno.

"Mama hawezi kukaa peke yake tena," alisema Zamda. "Angelala pale mpaka kesho."

"Msichana wa kazi?" aliuliza Sabiri.

"Amewafukuza watatu. Wa mwisho alimfukuza kwa sababu alitia sukari kwenye asali."

Nasri ndiye aliyetoa uamuzi. Mama atakaa kwa zamu, miezi mitatu Dar, miezi mitatu Mwanza, miezi mitatu Dodoma, kisha wanaanza upya. Nyumba itafungwa, ufunguo akae nao Maua. Walipomweleza, Bi Hafsa aliwatazama mmoja mmoja. Aliona wanavyompenda, akaona pia wanavyoogopa, akasema, "Haya. Nifungieni mzigo."

Haki isemwe, hakuna aliyemtesa. Dar, mke wa Nasri alimheshimu, akampa chumba chenye feni na televisheni. Lakini saa kumi na mbili asubuhi nyumba nzima ilikuwa imeshaondoka, na geti la chuma limefungwa kwa nje. Bi Hafsa alikaa na televisheni. Siku moja alitaka matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha tunavyokula kwa karanga. Nasri akazunguka masoko matatu, akarudi na biskuti. Mama yake alizimaliza zote, mbele yake, ili asimvunje moyo. Mwanza kwa Zamda kulikuwa na wajukuu na kelele, na hilo lilimfurahisha, ila nyumba iko juu ya mawe, ngazi arobaini na mbili. Alishuka siku ya kwanza na kupanda, baada ya hapo akawa anaangalia ziwa kutoka juu kama mlinzi. Akigusa sufuria, Zamda alimwambia, "Mama, pumzika."

"Nimepumzika tangu Januari," alijibu Bi Hafsa. "Nitaamka lini?"

Mwisho wa mwezi wa sita zamu ya Sabiri ikafika. Bi Hafsa aliomba asafiri kwa treni, kwa sababu basi lilimuumiza mgongo. Zamda alimpandisha Mwanza jioni, akampatia kitanda, akamkabidhi kwa mama mmoja kijana aliyekuwa na mtoto mchanga, naye anakwenda Dodoma. Sabiri angempokea stesheni.

Asubuhi treni iliingia Tabora, na kama kawaida ikasimama muda mrefu kungoja mabehewa ya Kigoma. Wachuuzi walijaa madirishani na mihogo, karanga na chupa za asali. Bi Hafsa alinyoosha mkono, akachukua chupa moja, akafungua kifuniko, akanusa.

"Binti, hii umeichemsha."

"Hapana, bibi! Asali safi kabisa ya Tabora!"

"Imechemshwa, tena kwenye sufuria iliyopikiwa vitunguu."

Mchuuzi alibaki kinywa wazi, kisha akacheka sana mpaka wenzake wakaja kuuliza kuna nini. "Bibi, umejuaje? Wewe ni mtu wa wapi?"

Swali lile lilimwingia Bi Hafsa kuliko alivyotarajia. "Wa hapa," alisema. "Isevya." Akamgeukia yule mama mwenye mtoto. "Mwanangu, nisaidie mzigo wangu dirishani. Mimi nimefika."

"Bibi, tiketi yako si ya Dodoma?"

"Tiketi ni ya Dodoma. Mimi ni wa hapa."

Akashuka.

Maua alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake alipomwona rafiki yake anakuja juu ya pikipiki, amekaa upande, kanga imefungwa kichwani, mzigo mapajani. Alitupa ufagio. Walikumbatiana, wakafungua nyumba, wakafungua madirisha. Nyasi uwani zilifika magotini. Bi Hafsa alipita ukumbini, akasukuma mlango mmoja mmoja, akachungulia, akafunga. Kisha alikaa barazani na kikombe cha chai.

"Umerudi kabisa?" Maua aliuliza.

"Nimerudi. Lakini kukaa peke yangu siwezi, Maua. Nilipolala pale chini nilijua siwezi. Watoto hawakukosea kuogopa. Walikosea dawa."

"Sasa?"

Bi Hafsa alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. "Basi la Mpanda bado linapita Ipole?"

Maua alielewa mara moja, na macho yakamtoka. "Kwa Doto? Si mliachana naye?"

"Aliyeachana naye ni Nasri. Mimi sijaandika talaka."

Alifika Ipole alasiri. Nyumba ya Doto iko hatua chache kutoka barabarani, ya matofali ya kuchoma, na ubavuni kuna ghala la asali lenye wavu kwenye madirisha. Ulikuwa msimu wa kurina. Doto, sasa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, alikuwa mlangoni pa ghala, mikono imejaa asali mpaka kwenye viwiko, anawapa maelekezo wanawake wa kikundi chake, wanane hivi. Aliona basi limesimama. Aliona kanga. Alisimama vilevile, mikono juu, asiguse kitu.

"Shikamoo, mayu," alisema, akitumia neno la Kinyamwezi la mama, alilomwitia zamani.

"Marahaba. Mkono mmoja ulivunjika, mwanangu, sikukumbatii vizuri. Njoo wewe."

"Nina asali mwili mzima."

"Na mimi nimekuja kwa ajili ya nini?"

Wale wanawake walipiga vigelegele bila hata kujua mgeni ni nani. Doto alilia na kucheka kwa wakati mmoja, na kanga ya Bi Hafsa ikabaki na alama za vidole vinne mgongoni.

Baada ya kuoga na kula, ugali kwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, Doto aliuliza swali ambalo mgeni alikuwa analikwepa.

"Mayu, wanao wanajua uko hapa?"

"Watajua."

"Simu yako iko wapi?"

"Nimeizima, betri isiishe."

Doto alifungua mzigo, akaitoa simu ndani ya kanga mbili, akaiwasha. Ilitetemeka mfululizo kama jogoo aliyeloa. Kule Dodoma Sabiri, alipokosa kumpata mama yake kwenye simu, alikuwa ameshampigia karani wa stesheni ya Tabora, akaambiwa kuna bibi ameonekana akishuka. Zamda alikuwa analia shuleni mbele ya walimu wenzake. Nasri alimpata Maua kwenye simu, na Maua, ambaye hajui kuficha jambo, alimwambia, "Mama yako yuko salama, amekwenda kwa mkwe wake."

"Mkwe gani? Mke wangu ninaye hapa jikoni!"

"Muulize mama yako," alisema Maua, akakata.

Doto alimpigia Zamda, akampa Bi Hafsa simu mkononi, akasimama mbele yake mpaka alipoomba radhi. "Nimewatia hofu, mwanangu. Hilo nimekosea," alisema Bi Hafsa. "Lakini Dodoma siendi. Nimechoka kuwa mgeni."

Siku tatu zilizofuata zilikuwa, kwa maneno yake mwenyewe, siku za kuamka. Alikalishwa kwenye kiti mlangoni pa ghala, na kila ndoo ilipita kwake kwanza. Ananusa, anaonja kwa ncha ya kijiti, anasema hii ipelekwe huku, hii huku, hii mwenyewe amekuwa na haraka aambiwe. Wanawake wa kikundi walianza kumwogopa siku ya kwanza. Siku ya pili walikuwa wanabishana naye, na ya tatu walimpa wimbo. Jioni yeye na Doto walikaa nje na kusimuliana miaka ishirini, na safari hii walimtaja hata Nasri.

"Ulimchukia?" aliuliza Bi Hafsa.

"Mwanzo, sana. Baadaye nyuki walinishughulisha." Doto alijifuta nta kwenye vidole. "Siwema alipoondoka kwenda kwa mumewe ndipo nyumba iliniwia kubwa. Nikipika, napika kingi. Sijui kupika chakula cha mtu mmoja."

"Hata mimi sijajifunza," alisema Bi Hafsa.

Siku ya nne mchana gari la Sabiri liliingia, Sabiri akiendesha, Nasri pembeni. Nasri alikuwa amepanda basi usiku kucha mpaka Dodoma ili waje pamoja. Alishuka na shati lililopigwa pasi. Na manukato. Nasri tangu ujana anapenda manukato, na siku ile, kwa kuwa anakwenda kumwona mtu aliyemwacha kwa barua, alijipaka mara mbili.

Nyuki walikuwa wengi karibu na ghala kwa ajili ya harufu ya masega, na manukato huwachokoza. Doto aliona hatari kabla ya mtu mwingine. Badala ya salamu, maneno yake ya kwanza kwa Nasri baada ya miaka ishirini yalikuwa, "Rudi kwenye gari!"

Nasri alidhani anafukuzwa. Alijinyoosha, akaanza, "Doto, najua una haki ya kukasirika, lakini nimekuja kwa heshima..." Nyuki wa kwanza alimpata mdomo wa juu. Wa pili sikio. Kisha Nasri, mtu wa miaka hamsini na nne mwenye duka na wafanyakazi sita, alikimbia kuzunguka nyumba mara mbili, huku mama yake akimpigia kelele kutoka kwenye kiti, "Usipige mikono! Usipige mikono, mwanangu!" Mwishowe Doto alimdaka shati, akamsukuma ndani ya ghala, akafunga mlango, akampulizia moshi wa bomba la kufukuzia nyuki mpaka akakohoa.

Alimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kwa ukucha akamwondoa miiba kumi na moja, mmoja mmoja, asiibinye. Sabiri na wale wanawake walikuwa nje, wanacheka mpaka wanashikana mabega.

"Doto," Nasri alisema, mdomo umeshaanza kuvimba, "ile barua ningekuletea mwenyewe."

"Ndiyo. Ungeniletea mwenyewe."

"Niliogopa."

"Najua. Geuza shingo, kuna mwingine hapa."

Nasri alipotoka, jicho moja lilikuwa limefunga na mdomo umekuwa kama wa mtu mwingine. Bi Hafsa alimtazama, akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka machozi, na Nasri, baada ya muda, akacheka naye upande mmoja wa uso.

Walikaa kikao uwani, Zamda akisikiliza kwenye simu iliyowekwa juu ya kinu.

"Mama," alisema Nasri kwa mdomo mzito, "watu watasema nini? Una watoto watatu, unakwenda kukaa kwa mtu... kwa mtu ambaye si..."

"Malizia."

Nasri aliushika mdomo wake uliovimba.

"Mnapenda kusema zamani wazee walitunzwa na watoto wao," alisema Bi Hafsa. "Nilikuwepo. Baba yenu alimpenda mama yake, lakini hakumwogesha. Nilimwogesha mimi, mtoto wa watu, mkewe. Na mama mkwe yule alikuwa na ufunguo wa kabati la sukari shingoni, miaka kumi na minne sikuonja chai tamu bila ruhusa. Si kila kitu kilikuwa kizuri. Lakini tulikuwa tunagombana na mtu, hatukugombana na televisheni. Sasa mimi mtu wa kugombana naye nimempata. Sijui kama yeye ananitaka. Hamjamwuliza. Hata mimi sijamwuliza. Zamani hatukuulizwa, na hilo ndilo lililokuwa baya."

Wote walimgeukia Doto. Alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Aliliweka chini.

"Namtaka," alisema. "Lakini sitakuja kuwa msichana wenu wa kazi, na Ipole siiachi. Msimu wa kurina nitakuwa hapa, naye akitaka atakuja nami. Miezi mingine tukae Tabora, baraza liwe duka la kikundi chetu, tumechoka kuuzia wachuuzi wanaochemsha. Na mniandikie, ninyi watatu, kwamba hata siku mayu hayupo, mimi nitakaa nyumba ile mpaka nitakapotaka mwenyewe kuondoka. Niliondoka pale mara moja kwa karatasi. Sitaki kuondoka tena kwa karatasi nyingine."

Simu juu ya kinu ilikuwa ya kwanza kujibu. "Mimi natia sahihi," ilisema sauti ya Zamda. "Doto, wifi yangu, natia sahihi hata leo."

Sabiri akakubali. Nasri alisema lazima amwulize mkewe kwanza, akaenda kando kupiga simu. Alirudi na sura ya mshangao kwenye lile jicho moja lililobaki wazi.

"Anasema nini?" aliuliza Bi Hafsa.

"Anasema nimwambie Doto ahsante. Na anauliza kwa nini hatukufikiria hivyo tangu mwanzo."

Karatasi iliandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa Isevya, wiki ile ile, Maua akiwa shahidi. Doto alihamia Tabora mwezi wa tisa, baada ya msimu, na mizigo ya lori zima: mashine ya kukamulia, ndoo, meza mbili, na kuku ambao Bi Hafsa hakuwataka na sasa anawaita kwa majina. Wanawake wa kikundi wakileta asali mjini hulala pale, wawili au watatu kwa wakati mmoja, na wakati wa mitihani huja pia binti wa mmoja wao anayesoma chuo. Nasri akija Tabora hulala nyumba ya wageni na hupiga hodi kwenye nyumba aliyozaliwa, anasubiri akaribishwe. Hujipaka manukato kidogo tu. Zamda, likizo ya kwanza aliyokuja na watoto, alikuta hakuna kitanda, akalala ukumbini kwenye mkeka na kesho yake akampigia mumewe kumwambia hajalala vizuri hivyo tangu aolewe.

Wanagombana, usidhani hawagombani. Doto anaamka mapema mno na kuburuta ndoo. Bi Hafsa anawapunguzia bei wateja wa zamani kinyume cha makubaliano ya kikundi. Kuna wiki nzima hawakusemeshana kwa ajili ya jogoo. Walikuwa wanatumiana ujumbe kupitia Maua, ambaye alifurahia cheo hicho na alisikitika walipopatana.

Mwezi wa pili mwaka huu Siwema alikuja kutoka Igalula, tumbo limemtangulia, kujifungua mimba ya kwanza kwa mama yake kama ilivyo desturi. Alipatwa na uchungu siku ya Ijumaa, adhana ya adhuhuri inaadhiniwa, na mabishano yaliyofuata yalikuwa nani aende naye hospitali. Bi Hafsa alisema yeye, kwa kuwa amezaa watatu. Doto alisema yeye, kwa kuwa Siwema ni mwanawe. Siwema, ameshika nguzo ya baraza, aliwaambia waamue upesi. Wakaenda wote wawili kwenye bajaji moja, na Maua akapenya katikati.

Alizaliwa mvulana, mweusi, mzito, mwenye hasira. Muuguzi alitoka naye na kuuliza, "Bibi wa mtoto ni nani?"

"Mimi," alisema Doto.

"Na wewe, mama?"

Bi Hafsa alikuwa ameshanyoosha mikono yote miwili, hata ule uliopona ukapinda. "Mimi ni mkwe wa huyu," alisema, akimwonyesha Doto kwa kidevu. "Lete mtoto."